Mkono wa Baba

Baba alifariki alfajiri kijijini Abuku, na kwetu Waislamu maiti hailali. Angezikwa baada ya sala ya alasiri. Nilitaka kumwona uso kabla jeneza halijatoka nyumbani. Lakini pikapu yake kuukuu, aliyonipa mwaka jana, ilizimika mtaani Oli, kabla hata sijatoka Arua.

Fundi Angelo alitoa plagi tatu. Ya nne ikagoma.

“Dada Zam, injini iko moto sana. Ngoja ipoe, au panda teksi.”

“Siendi kumuaga Baba huku gari yake nimeitupa barabarani! Lete spana!”

Nikavuta, spana ikateleza, nikachunika vidole. Nikaitukana spana, nikazunguka gari, nikarudi kuigusa injini. Bado moto. Angelo akamimina mafuta kidogo kwenye shina la plagi.

“Nani alikaza hii? Huyu mutu iko na mkono ya chuma.”

Baba, mwanajeshi mstaafu, hakuruhusu fundi yeyote aiguse pikapu siku ile aliponikabidhi. Aliilalia spana kwa uzito wake wote, akihema. “Usije ukakwama njiani, mwanangu.”

Simu ikalia. Kaka yangu Swadiki akasema wameshamtoa nyumbani.

Ndipo plagi ikazunguka, laini kabisa, mkononi mwa Angelo. Akafunga mpya, akaikaza kidogo tu. Nikampokonya spana, nikailalia.

“Dada, imetosha. Itakatika.”

Nikaendelea kukaza.