Maombi ya Asubuhi, Maombi ya Jikoni

Kuomba kwa sauti nimejaliwa. Nikianza, hata mwenye duka la jirani anaitikia amina bila kuombwa. Ndiyo maana Chaki alipotuma maombi ya kazi ya ualimu katika chuo cha ushonaji, safari ya siku nzima kutoka hapa, hakuniuliza maoni. Aliniambia tu, kwa jina alilonipa yeye, "Kelele, tuliombee."

Chaki ni rafiki yangu wa miaka kumi na saba. Tunashona chumba kimoja, vyerehani viwili vimetazamana. Yeye anakata, mimi naunganisha. Watu wanadhani kila fundi anajua yote. Jamani, mimi nikishika mkasi, sketi inatoka upande mmoja mfupi, mwingine unaburuza. Yeye naye zipu inamtoa jasho. Jina lake limetokana na ile chaki ya kuchorea vitambaa, ambayo huichomeka sikioni kisha akaitafuta chumba kizima.

Sasa huyo ndiye aende! Nikasema, "Tuliombee." Rafiki gani angesema vinginevyo?

Siku ishirini na moja tulipiga magoti katikati ya vyerehani kabla ya kufungua mlango. "Bwana, mfungulie mtoto wako! Asiwepo wa kumzuia!" Chaki analia, mimi nalia. Jioni, nikiosha vyombo nyumbani, nilishusha sauti: "Bwana, kuhusu lile la asubuhi, samahani. Usimpe. Wanaojua kukata ni wengi, wape hao. Mimi nitabaki na nani?" Kisha nasuuza sufuria na kwenda kulala usingizi wa pono, mnafiki mkubwa.

Wiki ya nne, kimya. Ya tano, kimya. Chaki akawa anapiga pasi na kusema, "Mungu ana mpango wake," kwa utulivu ulionichoma kuliko hiyo pasi. Alhamisi moja, nikiwa napachika zipu kwenye gauni la harusi la watu, nikashindwa. Nikasimamisha cherehani.

"Chaki, hiyo kazi nimekukosesha mimi."

"Kivipi? Wewe uliyeomba mpaka sauti ikakauka?"

Nikamwaga yote, na sinki, na sufuria. Nilitegemea anirushie mkasi. Akakaa kwenye kiti taratibu, chaki ikamdondoka sikioni.

"Na mimi," akasema.

"Na wewe nini?"

"Niliomba asinipe. Kila jioni, nikipika. Ile fomu niliijaza siku tuliyonuniana kwa ajili ya suti ya yule mteja mzee, hasira tu. Halafu ukaanza kuniombea kwa nguvu namna ile, nikaona aibu. Nikasema huyu amejitoa hivi, nitamwambiaje kwamba sitaki?"

Tulicheka mpaka mwenye duka akaja kuchungulia. Mchungaji wetu hachoki kutuambia kwamba wawili wakipatana katika maombi, jambo limekwisha. Kumbe sisi tulipatana kweli, ila kila mtu jikoni kwake! Nilimshukuru Mungu palepale, kwa sauti yangu yote.

Kabla sijafika amina, simu ya Chaki ikaita. Alisema "ndiyo" mara nne na "asante" mara moja.

"Wamenipa," akasema. "Naanza mwezi ujao. Fomu yangu ilikuwa imesahaulika kwenye droo ya mkuu wa chuo. Wameiona leo."

Leo! Wiki tano zote Bwana alikuwa nazo.

Chaki akanitazama. "Sema neno moja tu, nikatae."

Neno nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilimwona alivyoishika ile simu kwa mikono miwili, na alivyokuwa akijibana asitabasamu. Kuogopa alikuwa ameogopa, nakubali. Kutaka pia alitaka, na miaka kumi na saba si mchezo, namjua.

"Ukatae?" nikafoka. "Siku ishirini na moja juu ya sakafu ya saruji, unadhani magoti yangu ni ya plastiki? Nenda!"

Kisha nikalia, na safari hii sikuwa na la kuficha.

Mwezi mzima alikata. Alikata nguo za wateja wote waliokuwa wameleta vitambaa, akazifunga mafungu mafungu na kuyaandika majina kwa chaki. Jioni akanifundisha mimi, kwenye magazeti ya zamani, akinigombeza kama mwanafunzi wake wa kwanza. Siku hizi sketi zangu zina pande mbili zinazolingana, karibu.

Kila asubuhi ananipigia kabla sijafungua mlango. Naiweka simu juu ya cherehani chake, napiga magoti peke yangu. "Bwana, mpango wako nimeupokea," nasema, "ila kuupenda, bado." Namsikia akicheka huko aliko. Kisha namwombea adumu, aheshimiwe na asipoteze chaki.

Na jioni, nikiosha vyombo, naomba yaleyale ya asubuhi.