Kura ya Viazi

Ilipotimu saa nane mchana, Seneti ilikuwa imeshamaliza miswada kumi na mmoja, na maseneta walikuwa wamechoka kama watu waliotoka kilioni. Mmoja tu ulikuwa umewala dakika arobaini nzima, wakibishana kama pikipiki za theluji zipite karibu na makaburi au zizunguke nyuma ya kilima. Armand Daigle, seneta wa Aroostook, aliipigia kura yote bila kuvua miwani. Wa kumi na mbili ndio uliokuwa umemnyima usingizi.

Mswada huo ulitaka shule zote za jimbo la Maine zifuate kalenda moja. Neno viazi halikuwamo hata mara moja, lakini kila aliyeketi mle alijua nani anachinjwa. Kule kwa Armand, nchi ya viazi, shule hufungwa wiki tatu kila vuli ili watoto waende mashambani kuvuna. Kalenda moja maana yake likizo hiyo basi.

Alisimama akasema yake. Aliwasimulia asubuhi za baridi kali, ardhi imekaza kwa jalidi, vidole havisikii kitu, na kikapu cha baba yake kilichomfika kiunoni. Mama alikuwa akija saa nne na chapati za ngano nyeusi zilizofungwa kwenye kitambaa, bado za moto. Msichana wa mstari wa pili, Yvette, alimtupia kiazi kilichooza kikampata mgongoni, na miaka saba baadaye Armand akamwoa huyohuyo. Hilo la Yvette hakulisema, alilikumbuka tu akiwa amesimama. Yvette alikuwa amelala kaburini mwaka wa nne sasa.

Seneta mmoja wa pwani akainuka kumjibu. "Mheshimiwa ametusimulia utoto wake, tumeburudika. Ila siku hizi viazi vinavunwa na mashine, na watoto wanalala hadi saa tano."

"Wa kwako ndio wanaolala," Armand akasema, na ukumbi ukacheka, hata mwenyekiti.

Lakini kicheko si kura. Hesabu ilijulikana tangu asubuhi: kumi na saba wanautaka, kumi na saba hawautaki, na sare huua mswada. Hapo Armand angekuwa ameshinda, kama si mkono wake mwenyewe.

Mwenye mswada, Winslow Thaxter, hakuwepo. Kiti chake kilikuwa kitupu na yeye yuko hospitali ya Portland, amepasuliwa moyo. Kwa miaka ishirini na sita wazee hawa wawili, waliopingana karibu katika kila jambo, walikuwa na desturi yao: mmoja akikosekana kwa ugonjwa au msiba, mwenzake hunyamaza wakati wa kura, ili asiyekuwepo asipunjwe. Haikuandikwa popote. Zamani nusu ya Seneti ilifanya hivyo, na walikuwa wakila chakula cha jioni meza moja baada ya kutukanana mchana kutwa. Wengine wote walishastaafu au kufa, wakabaki hawa wawili. Armand alipomzika Yvette, Thaxter alikaa kimya kwenye kura tatu, na moja ilimgharimu daraja la mji wake. Jumatatu, kabla ya kwenda kulazwa, alimsimamisha Armand koridoni akampa mkono. "Kama kawaida?" "Kama kawaida."

Maren Haskell, seneta kijana wa kiti cha jirani, akamwinamia. "Mzee Armand, usiniambie utanyamaza."

"Nitanyamaza."

"Kwa mswada huu? Watu wako watakuelewa kweli?"

"Hawatanielewa."

"Basi mpigie Thaxter simu umuombe akufungue."

"Simu iko kwenye koti, na koti liko nje. Humu siingii na simu. Na mtu aliyepasuliwa kifua haombwi kura, binti yangu."

"Mlipeana mkono tu, mzee. Hakuna aliyewaona."

"Sisi tulionana," Armand akasema.

Maren akashusha pumzi. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama mtu anavyomtazama babu anayekataa kuhama nyumba inayovuja.

Katibu akaanza kuita majina. Armand alisikiliza kila "ndiyo" na kila "hapana", mikono juu ya meza. Alipoitwa yeye, ukumbi mzima ukageuka. Likizo ya viazi ilikuwa ya baba yake na ya Yvette, na neno moja lingeiokoa. Aliuma midomo. Katibu akamwita mara ya pili, akangoja, kisha akaendelea na jina lililofuata.

Kumi na saba kwa kumi na sita. Mswada umepita.

Alitoka bila kuaga, akavaa koti lake, akahisi simu imelala mfukoni. Ujumbe ulikuwa umeingia saa saba na nusu, kutoka kwa binti wa Thaxter. *Mzee Armand, ni Ellen. Baba ameamka. Anasema amekufungua ahadi. Piga kura yako, viazi kwanza.*

Akausoma mara mbili. Akaketi kwenye benchi la marumaru, na machozi yakamtoka bila ya yeye kuyaficha. Kisha akapiga.

"Tumekwenda sare?" Sauti ya Thaxter ilikuwa nyembamba.

"Umeshinda, bwana."

"Ellen hakukupata?"

"Simu ilikuwa kwenye koti."

"Ewe Daigle na koti lako," Thaxter akasema. Alipumua kwa taabu kidogo. "Nilikaa humu usiku kabla ya kupasuliwa nikawaza, mimi nimeacha nini ambacho watoto wangu watakililia kama wewe na viazi vyako? Sikukiona. Sheria bado inaanza mwakani?"

"Mwakani."

"Kwa hiyo vuli hii bado watavuna."

"Watavuna. Mara ya mwisho."

"Basi nitunzie kikapu. Daktari amesema Oktoba nitaweza kuinama."

Armand akafuta miwani kwa ncha ya tai.

"Kipo cha baba yangu," akasema. "Ila kinafika kiunoni, na wewe hujazoea."