Kufuli la Mama

Leah hakumtoa mama yake kijijini Isongole ili aje kumtesa. Alimtoa kwenye viazi na baridi ili apumzike, basi. Akampa chumba cha uani pale kwake Bulyaga, mjini Tukuyu, blanketi mbili na pazia zito la kuzuia baridi, na jembe akalificha stoo. "Umelima vya kutosha, mama. Sasa we lala tu."

Mama akatii. Akalala mchana kutwa. Usiku ndiyo anaamka, anafagia uwanja gizani, na mara moja akakutwa barabarani na kapu lake, eti anawahi viazi. Majirani wakaanza kunong'ona, neno uchawi likatajwa. Leah akaogopa. Akanunua kufuli, akawa anamfungia kwa nje.

Mwishowe akampeleka kwa daktari kuomba dawa za usingizi. Daktari Lukasi, kijana mpole aliyehamia Tukuyu kutoka Singida, aliuliza kama chumba kina mwanga, na kama bibi hutoka asubuhi.

"Ubongo una saa yake, dada," alisema. "Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni ndio unaoiweka sawa. Kule shambani alikuwa anaupata kila siku. Kwako mchana wake ni giza, sasa ile saa itajuaje kumekucha? Mtoe nje, afanye kazi kidogo. Dawa tuziache kwanza."

Leah hakukumbuka hata kuaga. Walipopita sokoni, mama amemshika mkono, Leah alilia waziwazi na watu wakimtazama. Pazia lile alilichagua mwenyewe, tena kwa furaha.

Siku ileile akalishusha. Kila asubuhi akawa anamtoa mama nje, hata kukiwa na ukungu, na jembe akamrudishia apalilie migomba. Wiki zikapita. Mama akaanza kusinzia jioni na kuamka na majogoo.

"Ugonile, mama?" Leah alimwuliza asubuhi moja. Ni salamu ya kwao ya kuuliza umelalaje, na kwa muda mrefu alikuwa akiikwepa.

"Nimelala, mwanangu," mama alijibu akicheka.

Leah akadhani yameisha. Jioni hiyo mama alikula, akanawa miguu, akaenda chumbani kwake. Kisha akarudi. Alikuwa amelitoa kufuli mlangoni, akamnyooshea Leah kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Siku hizi unasahau," alisema. "Nifungie, mwanangu, nisije nikakuaibisha."