Dawa ya Uso Mkavu

Shemeji yake Mama Vikopo alikuja kulala siku mbili, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Sebule yote ilikuwa yake: kochi ndilo kitanda, meza ndiyo kabati, na soksi zimetawala mpaka juu ya redio. Mama Vikopo, ambaye riziki yake ni mafuta ya ngozi anayopika kwa majani ya porini na vichochoroni, alikuwa akifanya kazi jikoni, amebanwa kati ya jiko na ndoo ya takataka. Sebule ile aliitaka iwe karakana yake. Aliitaka mpaka akawa anaiota.

Alikuwa ameshajaribu kila njia. Vijembe havikupenya, na kununa hakukuonekana. Mumewe alitia pamba masikioni, akisema yule ni mdogo wake, amfanyeje. Mwisho jirani akamwambia shida ya yule bwana ni moja tu, ana uso mkavu.

Mama Vikopo aliganda, mwiko mkononi. Uso mkavu si ndiyo kazi yake?

Nyuma ya gereji ya mtaani unatambaa mmea uitwao kifauwongo, ule ambao ukiugusa tu unafunga majani na kuinama kwa haya. Watu huukanyaga na kupita. Yeye alijiuliza, kama jani lenyewe lina haya hivi, mafuta yake je? Akachuma ndoo nzima, kila jani likijikunja vidoleni. Akayaosha mara tatu kwa ajili ya oili chafu ya magari, akayaanika kivulini, akayaloweka kwenye mafuta ya nazi juu ya maji ya moto, akachuja kwa kitambaa, akatia nta ya nyuki, kisha akakanda kwa mikono mitupu mpaka yakalainika. Shemeji akapewa kopo na kuambiwa ni dawa ya vipele vya kunyolea ndevu. Ndiyo, alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, ila safari hii mafuta yenyewe yalikuwepo.

Siku ya tatu shemeji aliosha sahani yake. Siku ya nne alipiga hodi kabla ya kuingia sebuleni, na ndani hamkuwa na mtu. Siku ya tano kaka yake alimgusa bega, naye akajikunja pale kwenye kochi, magoti kidevuni, akaja kujikunjua polepole kaka alipoondoka. Mama Vikopo alijifungia jikoni akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akachukua kamba, akaanza kupima kuta za sebule.

Siku ya saba alikuwa anakanda sufuria nyingine ya kifauwongo, mikono imezama kwenye mafuta tangu asubuhi, shemeji akasimama mlangoni na begi lake, macho chini.

"Shemeji, nimewakalia sana. Nikiondoka leo, utanisamehe?"

Miaka mitatu alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Jibu alikuwa nalo, kalifanyia mazoezi mbele ya kioo: nenda salama, mlango ule pale. Akafungua mdomo. Joto likaanza viganjani, likapita viwiko, likamfika usoni. Akaikumbuka ile kamba. Akavikumbuka vijembe vyake vyote, kimoja kimoja. Aibu ikamshika, aibu tupu, akajikuta ameinamisha kichwa na mabega yamejikunja.

"Uende wapi nawe," alisikia sauti yake ikisema. "Hapa si ni kwenu?"

Shemeji alishukuru mpaka machozi yakamtoka. Akarudi sebuleni kwa adabu kubwa, akazikunja soksi zake vizuri, akazipanga juu ya redio.