Mahudhurio ya Kadenge

Kila Alhamisi saa nane mchana Nyevu aliweka fomu ya mahudhurio juu ya meza ndogo mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, Timbwani, na kalamu akaifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza ili isitembee. Alikuwa katibu wa Kikundi cha Wanawake wa Amani, na katika ukatibu wake hakuwa na mchezo. Asiyesaini hakuja. Mke wa mchungaji aliwahi kuketi mkutano mzima, akachangia hoja mara mbili na kula sambusa tatu, na mpaka leo kumbukumbu zinaonyesha kwamba siku hiyo hakuwepo. Shirika la Nyali lililofadhili kikundi lilimsifu Nyevu kwa hilo.

Shirika hilohilo ndilo lililoleta habari ya kiti. Katika nchi moja iliyotoka vitani, wajane walikuwa wakiacha kiti kitupu mkutanoni kwa ajili ya waliochukuliwa wasirudi, na wageni wa Umoja wa Mataifa walipendezwa sana. Basi Timbwani nao wakaweka kiti cha plastiki, na Bi Nadira, mwenyekiti wa kikundi, akakitandika leso mpya.

Alhamisi ya pili ya Machi, Kadenge, mtoto wa Nyevu, aliingia ukumbini akaketi hapo.

Alikuwa amechukuliwa miaka miwili nyuma, mchana, kwenye kibanda alikoziba panchari, na wanaume wanne waliokuja kwa gari lisilo na nambari. Wawili kati yao walivaa buti za polisi. Sasa alikuwa na ovaroli ileile ya buluu, na udongo masikioni.

"Shikamooni, mama zangu," alisema.

"Marahaba, baba," wanawake wakaitikia, wakasogeza viti kumpa nafasi ya miguu. Bi Nadira alimuuliza kama bado anakunywa chai ya sukari nyingi. Nyevu alilowesha ncha ya leso kwa mate, akamfuta masikio, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Halafu akamletea fomu, kwa sababu sheria ni sheria hata kwa mtoto wa katibu. Kadenge alisaini kwa mkono wa kushoto, kama alivyosaini kila kitu maishani mwake.

Chai ilipokuwa ikigawiwa, alimweleza mamake kwa sauti ya chini. Alikuwa amekufa usiku wa siku ileile. Walikuwa watatu, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, shimo la mwisho, chini ya matairi.

Nyevu alifurahi. Nasema alifurahi, na anayeshangaa hajawahi kutafuta mtu. Kwa miaka miwili hakutaka kingine ila mahali pa kuchimba. Kule kwao Kaloleni, Randu, kaka wa marehemu mumewe, alikataa kuitisha matanga bila mwili. "Hatuwezi kulilia shati," alisema, na shati ndilo pekee alilokuwa nalo Nyevu.

Alinyoosha mkono akaomba nafasi ya kusema. Janice, afisa wa mradi, alimwangalia kwa huruma ya kweli.

"Mama Kadenge, ushuhuda ulikuwa robo iliyopita. Robo hii tunajenga uaminifu kati ya polisi na jamii."

Uaminifu huo uliwakilishwa na Inspekta Musyoka wa kituo cha polisi, aliyekuwa ameketi jirani na Kadenge na kumwomba, tafadhali, ampitishie chumvi.

Kadenge alikuja kila Alhamisi. Mwezi wa Aprili alifika mgeni kutoka Geneva, mama mpole mwenye viatu vya kutembelea, akamshika mkono na kumuuliza kwake yeye amani ni nini. Kadenge alifikiri kidogo.

"Kuzikwa," alisema.

Janice akamtafsiria mgeni kwamba kijana anataka utulivu. Mgeni aliandika, kisha wakapigwa picha ya pamoja. Kadenge alitoka vizuri kuliko wote.

Wakati huo kikundi kiliandika barua ya kuomba machimbo yachimbuliwe. Barua ilipita kamati, ikaenda Nyali, ikarudi na masahihisho ya lugha, ikaenda tena. Ilipopigwa muhuri, Kadenge alikuwa ameshahudhuria mikutano kumi na mmoja. Jumatatu asubuhi Nyevu alivaa nguo ya kanisani akaipeleka mwenyewe kituoni.

Inspekta Musyoka alimpa kiti, akaisoma yote bila haraka, kisha akafungua faili. Ndani mlikuwa na nakala za fomu za mahudhurio, zote kumi na moja, ambazo shirika lilituma kituoni kila mwezi kwa ajili ya ushirikiano. Alizipanga mezani.

"Mama, huyu si mtu aliyepotea. Alhamisi nilikaa naye."

"Mwenyewe anasema amekufa, afande. Ameniambia na shimo alilomo."

"Anasema. Lakini amesaini." Akaweka kidole juu ya jina. "Siwezi kupeleka watu wakachimbe mtu anayehudhuria mikutano. Hakimu ataniuliza nini?"

Nyevu aliziangalia fomu. Tarehe, mahali na saa vilikuwa kwa mwandiko wake mzuri, uliosifiwa mpaka Nyali. Hakuna aliyemlazimisha. Yeye ndiye aliyembebea mwanawe kalamu, mara kumi na moja, akamngoja amalize. Aliuliza kama jina linaweza kukatwa. Musyoka akamwambia kwamba kughushi kumbukumbu ni kosa, na akamwambia kwa upole, kisha akaandika juu ya faili kwamba aliyetafutwa amepatikana.

Nyevu alirudi nyumbani akalia jikoni kwa sauti, mpaka majirani wakaja kuketi naye. Moyo ulikuwa umemkatika, na hakuna leso inayofuta hilo.

Alhamisi iliyofuata alimwambia Kadenge. Hakumlaumu mamake. Alikunywa chai, akafunga mandazi mawili kwenye karatasi, akayatia mfukoni.

"Ya nani hayo?" Nyevu aliuliza.

"Ya wenzangu. Wao hawana mama kwenye kikundi." Akataja majina yao. Mmoja aliitwa Dancun, fundi wa stima, wa Kisauni.

Bi Nadira aliposikia aliweka birika chini. "Dancun wa Quinter? Wallahi namjua mamake. Anauza samaki pale Kisauni. Tangu mtoto apotee hajahudhuria mkutano wowote, na faili lake bado liko wazi."

Wakatazamana. Siku ya pili walivuka feri wakaenda kwa Quinter. Nyevu alimweleza kila kitu, hakuacha hata neno: kiti, kalamu, faili, hakimu. Alimwambia kwamba akija, Dancun atakuja. Na Dancun akija, Musyoka atamwona kwa macho yake, fomu au hakuna fomu, na tangu hapo hatahesabiwa kupotea. Hatazikwa kamwe.

"Mimi nilikosa bila kujua," alisema. "Wewe ninakwambia mapema, mama. Usije ukalia kama mimi."

Quinter alikuwa akipaa samaki. Hakuacha kupaa. Magamba yalimrukia mikononi na usoni, naye hakuyafuta. Alimaliza yule aliyekuwa mkononi, akamgeuza, akamwangalia pande zote mbili.

"Nimekusikia vizuri, mama," alisema. "Wacha nimuone kwanza."

Ripoti ya robo hiyo, iliyoandikwa na Janice, inasema ushiriki wa vijana umeongezeka maradufu. Mkutano huanza saa nane. Quinter hufika saa nne asubuhi.