Pazia la Jirani

Nyumbani kwetu nguo kuukuu haikatwi, hufumuliwa. Shati linaachanishwa kwenye mishono, vipande vinakunjwa ukingoni na kushikizwa kwa uzi mrefu juu ya kitambaa kikubwa mpaka vitoe picha. Picha ikichosha macho, unavuta uzi, na kila kipande kinarudi kuwa foronya au nepi ya mtoto. Nilifundishwa na mama mkwe, nami nikamfundisha mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Sasa yeye ni msanii. Picha zake zinajaza ukuta, na watu wanamsifu kwamba anaitunza dunia. Moyo wangu ulijaa.

Kwa ajili ya maonyesho alikuwa akitengeneza picha ya mto wenye samaki. Bluu ilimpungukia, akapita kwa majirani kuomba vitambaa wasivyovihitaji. Akarudi amekumbatia furushi, amefurahi, hata akaniwekea takia mgongoni kabla hajakaa kazini. Ndivyo alivyo, hanisahau.

Siku iliyofuata nilimpelekea chai jirani yetu, Bi Taratibu. Tunamwita hivyo kwa sababu salamu zake zinaanza asubuhi na kuisha jua la utosi. Chumba chake ni kimoja, kinatazama barabara. Ubao wa mlango uliliwa na mchwa zamani, akabaki na pazia. Nilikuta benchi limesimamishwa mlangoni, naye amejibanza nyuma yake, amejifunga shuka, gauni lake likikauka kwenye kamba.

"Pita, shoga. Leo nyumba yangu haina siri."

"Pazia liko wapi?"

"Mke mwenzako alikuja kuomba bluu." Ndivyo tunavyomtania mjukuu wangu.

"Si aliomba usichokihitaji?"

"Aliomba hivyo. Mimi nikatazama anachokihitaji yeye." Akacheka, akapokea chai. "Angeondokaje mikono mitupu, mtoto wa watu? Nawe usimgombeze."

Wapita njia wawili walichungulia. Bi Taratibu alivuta shuka hadi shingoni, akaendelea kunisifia chai.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mjukuu wangu amepiga magoti juu ya kazi yake. Mto ulikuwa unakwenda kweli, magamba ya samaki yanameta. Pazia nililitambua kwa maua yake meupe.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "fumua bluu yenye maua. Irudi kwa mwenyewe, hana mlango."

Mkono wake ulisimama.

"Bibi, haifumuki."

Niliinua gamba moja kwa ukucha. Halikuwa na uzi. Lilikuwa limekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi, na chini yake magamba mengine hivyo hivyo.

"Muda uliniishia," alisema. "Kwa sindano nisingemaliza."

"Ukamkata Bi Taratibu vipande vipande."

"Ni pazia tu, Bibi. Sikujua alilitoa mlangoni. Nikiuza nitamnunulia jipya, zuri zaidi."

"Na mpaka hapo avae benchi?"

Alirudi kuinamia kazi yake. Nami niliona macho yake yamevimba kwa kukosa usingizi, nikashindwa kuendelea. Nilitoa shuka langu la kitandani, nikaenda kumtundikia jirani. Tulikubaliana na mjukuu wangu jambo moja: siku ya maonyesho atasema wazi kitambaa hicho kilitoka wapi na kilifanywa nini. Aliniahidi kwa mdomo wake.

Siku ilipofika, Bi Taratibu alikaa pembeni yangu na gauni lake lile lile, limepigwa pasi. Mgeni wa heshima alisimama mbele ya mto, akauliza vitambaa vimetoka wapi.

Mjukuu wangu alitutazama. Alituona vizuri, hatukuwa mbali.

"Ni takataka," alisema. "Vitu ambavyo watu walikuwa wamevitupa. Mimi sikati, nafumua tu. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha."

Watu wote wakageuka kunitazama, wakitabasamu.

"Nililitupa mimi?" Bi Taratibu aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nyamaza, shoga."

"Nauliza tu. Labda nimesahau."

Mjukuu wangu alikuwa bado amesimama pale mbele, midomo imemkauka. Bi Taratibu akamhurumia. Alianza kupiga makofi peke yake, wengine wakafuata. Mimi mikono yangu niliiacha mapajani.