Tuta la Mwaka wa Kumi na Nane

Alhamisi ile Leokadia Komba alipitiwa na usingizi mchana kweupe, saa tisa hivi, jambo ambalo hakulizoea, maana alilelewa kwamba anayelala jua likiwa juu ni mgonjwa au mzazi. Lakini siku hiyo ilikuwa imemchosha kuliko kulima. Asubuhi Madam Ngailo, mwalimu wao wa historia ya dunia ya karne ya ishirini pale chuoni, mama mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, aliingia darasani na karatasi arobaini na moja za mtihani, akaziweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha nguo zilizokataa kutakata. Kumbe wote arobaini na mmoja walikuwa wameandika sentensi moja: kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha duniani kote tarehe kumi na moja Novemba, mwaka 1918, saa tano asubuhi, na siku hiyohiyo kila askari akarudi kwao. Sentensi hiyo waliitoa kwenye desa, yale makaratasi ya majibu ambayo wanafunzi hurithishana mwaka hadi mwaka, kopi juu ya kopi, mpaka herufi zimefifia kama miguu ya sisimizi. Madam hakufoka. Aliuliza tu: kila askari? Kila mahali? Na huko porini kusini kwetu, nani alipeleka habari hiyo, na alifika lini? Ndipo akasema kesho Ijumaa kila mmoja aje na jambo moja kuhusu vita hiyo ambalo halimo kwenye desa, na aseme amelitoa wapi. Asiye nalo atapewa sifuri.

Kwa wengine sifuri hiyo ilikuwa aibu tu. Kwa Leokadia, ambaye alishafeli jaribio la kwanza, ilikuwa ni kudisko, yaani kufutwa chuoni na kurudi kijijini na godoro lake kichwani. Aliporudi bwenini akamkuta Tusajigwe, wanayelala naye chumba kimoja, ameshatatua tatizo kwa simu. Alikuwa amepata kwamba huku Afrika Mashariki vikosi vilivyokuwa vikiongozwa na Wajerumani viliweka silaha chini tarehe ishirini na tano, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya, na alikuwa ameshawarushia kundi zima. Hata saa nane haijafika, desa jipya lilikuwa limeshazaliwa. Leokadia naye alinakili. Alipomaliza aliyatazama makaratasi yake mawili, lile la zamani na hili jipya, akahisi kitu kama njaa na huku ametoka kula. Tusajigwe alimwambia aache kununa, amshukuru Mungu kwa kumpa rafiki mwenye bando. Leokadia akacheka kidogo, akaegemea mto ili afikiri vizuri, mvua ikaanza kudondoka juu ya bati, na kufikiri kwenyewe kukaishia hapo.

Akajiona amesimama chini ya mlima mmoja mkubwa, umelimwa kutoka mguuni hadi kileleni kwa matuta mia moja, tuta juu ya tuta, na kila tuta lilikuwa mwaka. Halikuwa shamba la mahindi wala maharage. Katika matuta hayo walikuwa wameota watu, nyumba, reli, moshi, nyimbo, na kila tuta lilikuwa na harufu yake: hili lanuka mkate, hili baruti, hili wino mbichi. Pale njia ilipoanzia alikuwa amekaa mama mmoja mnene, uso wake laini kama unga uliochekechwa, ana rundo la makaratasi mapajani na anagawa bila kutazama anampa nani. Huyo alikuwa Kukariri. Alimkaribisha kwa upole kabisa, akamwambia hakuna haja ya kupanda mlimani, jua ni kali, mawe ni makali, na yeye ameshauandika mlima wote kwenye kurasa sita. Nyuma yake waliketi wengi chini ya kivuli cha turubai, wanatikisa vichwa kwa pamoja, macho yamefumba. Leokadia alikuwa ameshainama ili akae nao, maana kivuli kile kilikuwa kitamu, ndipo akasikia mtu anamvuta kidole kimoja cha mkono, hicho kidogo cha mwisho.

Alikuwa mwanamke mrefu, peku, khanga yake imejaa vishona nguo kwa kupita kila kichaka, na macho yake hayakutulia mahali. Leokadia alimwamkia, akamuuliza jina.

"Naitwa Udadisi," akasema. "Nimetembea mlima huu tangu haujaisha kulimwa, na bado sijaujua. Twende, ila nikutahadharishe: mimi sibebi maji, sibebi majibu, na nikichoka wewe ndiye utaniongoza."

Basi wakapanda. Udadisi hakufuata mpangilio. Mara alimpeleka juu, mara alimrudisha chini, kwa kuwa alisema mlima huu hauna mtu aliyeuishi kwa kukifuata kitabu. Kwenye tuta moja Leokadia alimwona Chuki, naye hakuwa na pembe wala makucha kama alivyotazamia, bali alikuwa kijana nadhifu mwenye shati lililopigwa pasi, ameshika rula, anawapima watu pua na kuwaandika katika safu mbili, na waliokuwa kwenye foleni walimpisha kwa heshima kama karani wa kawaida. Juu zaidi walikuta nyumba mbili kubwa zinazotazamana, na Hofu anatembea katikati yake akiuza kufuli. Wenye nyumba hizo hawakupigana hata siku moja, lakini kila mmoja alirundika moto kwenye ghala lake, na wote wawili walikuwa wakiwatumia watoto wa majirani kwenda kurusha mawe. Kwenye tuta la sitini na moja bendera ilikuwa inapanda, na mama mmoja alikuwa amesahau chungu motoni, ugali unaungua, anaitazama tu huku machozi yanamshuka na anacheka. Leokadia alitaka kukaa hapo. Alitaka kumuuliza yule mama kesho yake aliamka akafanya nini. Udadisi alimwachia aulize mpaka akatosheka, kisha akamwambia kwamba lile lililomleta mlimani liko chini, tuta la mwaka wa kumi na nane.

Wakashuka. Hapo palikuwa na mnara wa saa, na chini yake amesimama Bwana Uhakika, kifua mbele, kitambi mbele zaidi. Mara saa ikagonga mara tano, na mahali pote palipofikiwa na mlio ule watu wakatupa bunduki, wakakumbatiana, wakapuliza tarumbeta, wengine wakakaa chini matopeni wakalia. Bwana Uhakika akafunga daftari lake kwa kishindo, akatangaza vita imekwisha, akaanza kufunga lango la tuta lile ili watu wapite mwaka unaofuata. Leokadia akatoa kalamu aandike. Udadisi akamgusa bega, akamwambia ageuke.

Nyuma ya mnara, upande ambao mlio haukufika, palikuwa na njia nyembamba ya porini, na juu ya njia ile watu walikuwa wanakuja mmoja nyuma ya mwenzake, mstari usio na mwisho, mizigo kichwani, shingo zimekakamaa, nguo zao ni matambara ya magunia. Hawakuwa askari. Walikuwa wale waliowabebea askari risasi, unga, vitanda, hata meza za kulia. Leokadia akamkimbilia wa mbele, mwanamume wa umri wake mwenyewe, ana sanduku la risasi kichwani na kidonda cha funza kwenye kidole, akamwambia atue mzigo, vita imekwisha.

"Nani kasema?" akauliza yule mtu bila kusimama.

"Saa imegonga, kaka. Imegonga mara tano."

"Basi nenda kamwambie huyu niliyembeba," akasema, akiinua macho kulielekea sanduku. "Sisi tukisema anakuwa mbishi."

Wenzake nyuma wakacheka, kicheko kikavu cha watu wenye kiu, na mmoja akauliza kama huko binti alikotoka, huko wanakocheza, wamebakiza chochote chunguni. Leokadia hakuwa na cha kuwapa. Alitembea kando yao, akamuuliza yule wa mbele jina lake na kwao wapi. Alijibu, midomo ilimtembea kabisa, lakini wakati uleule mzee mmoja mpole, mwenye fagio refu la chelewa, alipita nyuma ya mstari akifagia nyayo zao, na vumbi lake likalifunika jina. Mzee huyo aliomba radhi. Alisema yeye ni Usahaulifu, hana ugomvi na mtu, anafagia tu pale ambapo hakuna aliyeuliza.

"Uliza upesi zaidi yake," akasema Udadisi. "Ana mikono yenye nguvu, lakini miguu yake mizito. Huwa anachelewa mlangoni kwa mtu mzee anayesimulia."

Njia ikawatoa kwenye kibanda kimoja, mlango mfupi, unaingia kwa kuinama. Ndani alikaa Ukweli. Leokadia alitegemea malkia, akakuta mwanamke wa makamo na ungo, amejaa vumbi la pumba hadi kwenye kope, anapeta. Hakuinua uso. Aliuliza tu, "Umeniletea nini?"

Swali hilo lilimshtua Leokadia, kwa sababu yeye alikuja kupewa. Akatoa makaratasi yake mawili. Ukweli akaweka lile la zamani kwenye ungo, akarusha mara moja, na desa lote likapeperuka nje ya mlango kama ganda la mpunga. Akaweka la pili. Akarusha, akarusha tena, na lenyewe likarudi palepale. Leokadia akaanza kutabasamu.

"Hili halikupeperuka," akasema Ukweli. "Tarehe ni sahihi. Lakini ninayo tayari, na leo tu nimeletewa na wenzako arobaini." Akamwonyesha kwa kidevu vikapu vilivyopangwa ukutani, vimejaa tarehe, mito, majemadari, mikataba iliyotiwa sahihi. Kimoja kilikuwa kitupu, kisafi kama hakijawahi kutumika. "Hiki ni cha wale uliowaacha njiani. Najua walivyochukuliwa, kwa maana waliowachukua waliandika. Waliofika nyumbani, walifika lini? Nani aliwafungulia mlango, na alisema nini?"

Leokadia akamwambia hajui, akamwomba yeye amweleze, maana kesho ndiyo siku yenyewe, na bila hivyo atafutwa.

"Mimi kazi yangu kupeta," akasema Ukweli. "Kuvuna ni kwenu."

Akamwomba tena, kwa unyenyekevu zaidi, na Ukweli akaendelea kurusha ungo, chwa, chwa, chwa, mpaka sauti ile ikawa mvua juu ya bati, na Leokadia akafumbua macho bwenini.

Shavu lake lilikuwa na alama za mshono wa mto. Tusajigwe alikuwa anasuka nywele mbele ya kioo, akamwambia amekoroma kama mashine ya kusaga. Leokadia alikaa kitandani ameduwaa, kwa sababu jambo moja lilikuwa linamjia polepole kama maji yanayopanda kwenye mtungi: kwamba tangu darasa la kwanza ameulizwa na walimu na amewajibu walimu, na kwamba yeye mwenyewe, kwa hiari yake, hajawahi kumuuliza mtu jambo la kale. Kule kwao kusini kulikuwa na bibi yake mzaa mama, Bibi Kandida, wa miaka sabini na saba. Huyo baba yake alichukuliwa vitani, vita hiyohiyo ya Kwanza, angali kijana. Nyumbani walilisema hivyo tu, alichukuliwa vitani, na mazungumzo yakahamia kwenye mbolea.

Akapiga simu. Alimwamkia, akaulizwa kama anakula, akasema anakula, akaulizwa kama anavaa sweta. Kisha akauliza: baba yako, Bibi, alirudi lini kutoka vitani, na nani alimfungulia?

Upande wa pili kuku wakasikika. Bibi akasema miaka yote hii anasomeshwa, leo ndiyo anauliza. Lakini sauti yake ilikuwa imesogea karibu na simu. Akasimulia kwamba hakuna aliyemfungulia, kwa kuwa matanga yake yalishaliwa, na mama yake alikuwa ameshanyoa nywele za msiba. Kijana alisimama uani, amekonda, akaita, na mama yake akafunga mlango kwa ndani, akimdhani mzimu. Alilala nje siku mbili. Siku ya tatu mama alimsikia anakohoa, akasema mzimu haukohoi.

Leokadia alikuwa anaandika, kalamu inakimbia, Tusajigwe ameacha kusuka na amesogea kusikiliza. Akauliza ilikuwa mwezi gani, akataja Novemba, akataja ile tarehe ishirini na tano.

"Hizo tarehe zenu sizijui," akasema Bibi Kandida. "Novemba huku hata hatujapanda, na alipokuja mahindi yalikuwa yametoa ndevu. Andika hilo kwanza."